Kubadilisha holda za visu kwenye skeiti za hoki: kutoka Lightspeed 2 kwenda Edge, matundu yatakubali?

Mtoto_wa_Pangani (mwanzisha mada, Ontario)

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaovijua vifaa vya hoki ya barafuni.

Nina skeiti za Bauer Supreme za zamani kidogo, saizi 8. Buti bado ni gumu na limeshakaa vizuri mguuni, kwa hiyo sitaki kulitupa. Holda, yaani ile plastiki nyeupe inayobeba kisu chini ya buti, ni Tuuk (chapa ya holda za Bauer) Lightspeed 2, ubavuni imeandikwa 272. Ya mguu wa kulia ina ufa kwenye nguzo ya mbele. Ufa unaanzia pale kisu kinapoingia na kupanda kuelekea kwenye riveti, vile vipini vinavyoifunga holda kwenye soli. Visu navyo vimenolewa mpaka vimebaki vifupi, vikinolewa mara chache tena jiwe litagusa plastiki.

Nafikiria kuhamia kwenye Lightspeed Edge, ile yenye triga ya kutolea kisu. Je, matundu ya riveti yaliyopo yatakubali au itabidi kutoboa upya? Naweza kubadilisha ya kulia peke yake, maana ya kushoto ni nzima? Visu vyangu vya sasa vitaingia kwenye Edge? Na kugonga riveti, ni kazi ya kufanya nyumbani kwa nyundo au lazima mashine? Nina keekee, jiliwa na vifaa vya kawaida vya nyumbani.

Natanguliza shukrani.

---

Fundi_wa_Makali

Mkuu, kabla hujalipa hata senti moja, toa soli ya ndani ya buti uangalie kinachoshika riveti. Wengi hununua holda mpya wakaja kukuta buti halina pa kuishikia. Soli ya ndani hutoka kwa kuvuta kuanzia kisigino, na kama imegundishwa ipashe kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele. Ukishaona vichwa vya riveti, bonyeza kwa ncha ya bisbisi kuzunguka kila kimoja. Pakiwa pagumu na pakavu, endelea. Pakibonyea, au ukiona madoa ya kutu yaliyosambaa na ubao laini unaoachia nyuzi, maji yameshaingia kupitia matundu na soli imeoza. Buti la hivyo riveti mpya zitashika kwa wiki chache kisha zichomoke. Soli za plastiki na za kaboni haziozi, ila hupata nyufa nyembamba kutoka tundu moja hadi jingine, hasa mbele chini ya vidole. Kunja buti kidogo kwa mikono miwili chini ya taa kali, ufa utafunguka uuone.

Sasa kuhusu saizi. Namba ya kufuata ni hiyo 272 iliyo kwenye plastiki. Saizi ya buti inakupa makadirio tu. Bauer hupanga holda zao kwa milimita: 254, 263, 272, 280, 288, 296. Holda moja hubeba zaidi ya saizi moja ya buti, 272 huja kwenye 7.5 na 8. Kama uliyanunua mkononi kwa mtu, pima pia soli yenyewe, kwa sababu watu huweka holda ya namba jirani pale wanapokosa ya kwao. Holda ikizidi urefu, bapa lake la riveti hutokeza nje ya soli na riveti za pembeni hukosa nyama ya kushika. Ikipungua, ncha za mguu zinaning'inia bila kitu chini yake na utajiona unataka kuangukia mbele kila unapoanza kukimbia.

Kubadilisha ya kulia peke yake kwenda Edge, hapana. Edge ina kimo cha milimita 3 zaidi ya Lightspeed 2. Utakuwa na mguu mmoja mrefu, na hilo utalihisi nyongani kabla hata kipindi cha kwanza hakijaisha. Ukitaka kubadilisha upande mmoja, tafuta Lightspeed 2 nyingine ya 272. Ukitaka Edge, badilisha zote mbili.

Hizo milimita 3 ndiyo faida yenyewe ya Edge. Unapolala sana kwenye kona, pembeni mwa buti au plastiki hugusa barafu, kisu kinanyanyuka na mguu unateleza ghafla. Kimo zaidi kinakupa nafasi ya kulala zaidi kabla ya kufika hapo. Anayecheza wima wima hataona tofauti kubwa. Anayekata kona kali ataiona siku hiyo hiyo.

Visu vyako havitaingia. Vya Lightspeed 2 hushikwa kwa bolti, mbele na nyuma, vya Edge vina umbo jingine la kunasa kwenye triga. Hapa majina huwapoteza watu: kuna holda inaitwa Lightspeed 2, halafu kuna visu vinaitwa LS2, LS3, LS4, LS5 ambavyo vinauzwa kwa ajili ya Edge. Usinunue kwa kusoma "LS2" ukadhani umemaliza. Angalia kama kisu chenyewe kimetengenezwa kwa Edge, na namba ya milimita ni ileile ya holda. Holda huuzwa yenyewe au pamoja na chuma, na moja moja au kwa jozi, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Matundu: ukitoka Tuuk kwenda Tuuk ya namba ileile, mara nyingi mengi yanakutana. Ukihamia CCM au kampuni nyingine usitegemee hivyo. Njia ya uhakika ni kuilaza holda mpya juu ya soli baada ya kuondoa ya zamani, ukatazama tundu moja moja dhidi ya mwanga. Tundu linalokutana kikamilifu litumie. Linalopishana kwa nusu ndilo la hatari kuliko yote, kwa sababu ukilazimisha keekee linakuwa tundu refu la umbo la nane, riveti haijai, na holda itatembea. Hilo lazibe kwanza, baadaye ndiyo utoboe.

Kung'oa riveti za zamani. Tuuk ya watu wazima kwa kawaida ina riveti 14 kwa kila skeiti, 8 mbele na 6 nyuma. Toa kisu kwanza. Toboa kutoka upande ule wenye kitundu katikati, pale chuma kilipojikunja, kwa sababu kitundu hicho kinaiongoza biti yenyewe. Tumia biti ya karibu mm 4, yaani inayokaribiana na mwili wa riveti, usizidi hapo. Keekee iende taratibu. Hutoboi riveti nzima, unakula ule mdomo uliojikunja tu. Ukishakatika, weka panchi ya mm 3 na ugonge kidogo, riveti inatokea upande wa pili. Riveti ikianza kuzunguka pamoja na biti, acha papo hapo. Inachimba tundu kutoka ndani na kulipanua. Shika kichwa chake kwa plaisi kutoka ndani ya buti au kitie bisbisi bapa chini yake, ndipo uendelee. Za shaba hukatika kama mchezo, za chuma hukaidi na huchemka, na joto hilo huyeyusha soli ya plastiki. Toboa kwa sekunde chache, pumzisha, rudia. Vaa miwani. Kama soli ni ya kaboni, vaa na barakoa, vumbi lake ni baya kwa mapafu.

---

Baba_Naima

Fundi amesema vizuri, mimi nitaongeza mambo mawili anayopaswa kuyajua kabla hajashika keekee: riveti zenyewe na kunyoosha mstari.

Riveti za skeiti ni zile zenye tundu mwishoni, zinazopasuliwa na kujikunja kwa nje kama mdomo wa chupa. Zipo za shaba na za chuma. Shaba ni laini, inajaa vizuri kwenye tundu lisilo kamili, haina kutu, ila hulegea mapema kwa mchezaji mzito. Chuma hushika kwa nguvu lakini kinataka kugongwa sawasawa na maji yakikifikia kinapata kutu. Mafundi wengi huchanganya, chuma kwenye pembe za mbele na nyuma zinazobeba mzigo, shaba kwingine. Kwa jozi moja unahitaji 28, agiza 40, kwa sababu kadhaa zitaharibika.

Urefu wa riveti ndiyo unaoharibu kazi za watu. Soli haina unene mmoja, kisigino kina nyama zaidi kuliko mbele, kwa hiyo agiza urefu angalau wa aina mbili. Kipimo: ukiipitisha riveti kwenye soli na bapa la holda, mwisho wake utokeze mm 2 hadi 3. Ikitokeza zaidi, haijikunji, inapinda ndani ya tundu na kichwa kinakaa upande. Ikitokeza kidogo, mdomo haufunguki vya kutosha na utaachia.

Kugonga kwa nyundo nyumbani: kisigino kinawezekana, mbele haiwezekani kwa ubora unaotakiwa. Sababu ni moja tu. Riveti inahitaji kitu kigumu cha kuiegemeza upande wa kichwa, na ndani kabisa kwenye vidole hakuna fuawe ya nyumbani inayofika. Mashine ya duka ina mkono mrefu mwembamba unaoingia mpaka kwenye kofia ya vidole. Ukigonga bila egemeo, kichwa kinabaki kimeinuka nusu milimita, huioni kwa macho, ila holda ina mchezo tangu siku ya kwanza. Mkuu, uko Ontario. Duka lenye mashine halikosekani. Wengine hutoza kwa riveti, wengine kwa skeiti nzima, ulizia.

Mstari sasa. Hapa ndipo skeiti inakuwa nzuri au inakuwa adhabu. Kisu kinatakiwa kupita katikati ya kisigino na kwenda mbele katikati ya soli, karibu na usawa wa kidole cha pili. Usitumie kofia ya vidole kupimia. Umbo lake halilingani pande zote mbili, ukilifuata utaelekeza kisu pembeni. Pima soli yenyewe: chukua upana wa kisigino kwa kalipa, weka alama nusu yake. Fanya hivyohivyo sehemu pana ya mbele, halafu nyoosha uzi au mkanda wa karatasi kati ya alama hizo mbili. Hapo ndipo holda inalazwa.

Iweke holda ikiwa na kisu ndani yake. Wengi huinyoosha plastiki tupu na macho yao yanadanganywa na kingo zake. Kisu ndicho kinachoonyesha ukweli. Funga kwa muda na bolti ndogo mbili, moja mbele na moja nyuma, usikaze sana. Simamisha buti mezani kichwa chini, kaa nyuma yake, tazama kutoka kisigino kama anayelenga bunduki: kisu, katikati ya kisigino na mshono wa nyuma wa buti viwe mstari mmoja. Sukuma mpaka ukubali, kisha toboa na gonga kwa kupishana, mbele kushoto kisha nyuma kulia, usimalize upande mmoja wote ndipo uende mwingine. Ukimaliza upande mmoja, holda huvutwa huko.

Kosa la mm 2 mbele linatosha. Kisu kikiwa ndani mno, mguu unataka kuangukia nje, na mchezaji anaanza kunyonga kifundo kutafuta makali ya ndani. Kikiwa nje mno, vifundo vinaangukia ndani na watu wanasema "buti limelegea", wanakaza kamba mpaka damu haipiti, kumbe buti halina kosa.

---

Fundi_wa_Makali

Naunga mkono yote, na niongeze moja kwenye hilo la kisu kuwa ndani ya holda. Baada ya kugonga riveti zote, toa kisu na ukirudishe. Kinatakiwa kiingie kwa ulaini uleule kama kabla. Kikiingia kwa shida, au ukikitazama kwa urefu wake ukaona kimepinda, soli haiko bapa. Buti zilizotumika muda mrefu hujikunja, kisigino na mbele havilali kwenye usawa mmoja, na riveti zikivuta zinaipindisha holda pamoja nazo. Hapo hakuna kunoa kutakakosaidia, makali yatakuwa tofauti mbele na nyuma. Dawa ni kulegeza upande uliovutwa na kuweka kipande chembamba cha plastiki ngumu au ngozi, mm 1 au chini ya hapo, kati ya soli na bapa la holda.

---

Mtoto_wa_Pangani

Asanteni sana, nimejifunza mengi. Nimeshatoa soli ya ndani: ni kavu na ngumu, hakuna ufa. Nimeamua kuchukua Edge zote mbili, 272. Riveti za zamani nitaziondoa mwenyewe, kisha kugonga nitapeleka dukani kama Baba Naima alivyoshauri.

Nimeanza na ile ya kulia. Riveti mbili za kisigino zilizunguka na biti, na matundu yake sasa yana umbo la yai. Nizibe na nini? Na je, kuna anayejua njia ya bolti badala ya riveti? Nimesikia watu wanafunga holda kwa bolti na nati ili waweze kubadilisha wenyewe.

---

Wanjiru_Barafu (Nairobi)

Shikamoo Baba Naima, na habari zenu wote. Hili la bolti naweza kulijibu. Hapa Nairobi kupata mashine ya riveti za skeiti ni shida, na skeiti nyingi hufika zikiwa zimetumika, holda na buti za kampuni tofauti zimeoanishwa na watu tofauti. Bolti ndiyo njia inayotuweka barafuni. Mafundi viatu wana riveti, ni kweli, lakini zile za mikoba na mikanda ni nyembamba na zina kofia tu, zinakatika. Msizitumie. Zile za kufyatua kwa bastola ya riveti, za alumini, nazo ni za kumalizia mechi tu: msumari wake wa ndani huanguka, riveti inabaki bomba tupu na inakatwa na mtikisiko.

Kinachofaa ni nati ya kikombe inayokaa ndani ya buti, bapa lake likilala kwenye soli, na bolti ya M4 ya chuma kisichoshika kutu inayoingia kutoka chini kupitia holda. Nati zile zenye meno zinafaa soli ya ubao, ngozi au plastiki. Meno yanajichimbia na nati haizunguki. Kwenye soli ya kaboni usitumie zenye meno. Kila jino linaanzisha ufa. Chukua zenye bapa laini zilizo na mfereji wa bisbisi, ushikilie kutoka ndani unapokaza.

Urefu wa bolti upime kwa makini kuliko kitu kingine chochote. Ikipita nati hata mm 1, itatoboa soli ya ndani na utaikanyaga kila hatua. Ikiwa fupi, meno yake machache tu yanashika na yatavunjika. Bolti ndefu ikate kwa msumeno wa chuma, lakini zungusha nati juu yake kabla ya kukata: unapoitoa baada ya kukata inanyoosha meno ya mwisho yaliyojeruhiwa. Weka tone la gundi ya kufungia meno ya bolti, ile ya nguvu ya kati ya rangi ya buluu. Ile nyekundu itakulazimu kuipasha moto siku ya kuifungua, na moto na plastiki havipatani. Kaza kwa bisbisi ya mkono, usitumie keekee. Nailoni ya holda inabonyea chini ya kichwa cha bolti na ukiendelea kukaza unaipasua. Weka washa pana chini ya kila kichwa.

Ubaya wa bolti ni kwamba hulegea kabla hazijatoa dalili, riveti hutoa sauti mapema. Baada ya mchezo wa kwanza zikaze tena, baada ya wa tatu zikague, kisha kila unaponoa. Uzito nao unaongezeka kidogo, si wa kukusumbua.

Wewe, kaka, una duka karibu. Mbele gonga riveti. Bolti ziweke kwenye yale matundu mawili ya kisigino tu, kama kuziba hakutatosha. Kuchanganya hakuna ubaya ilimradi kila kimoja kimekazwa sawa.

---

Baba_Naima

Marahaba, binti yangu. Umelieleza vizuri.

Mtoto wa Pangani, matundu ya yai yazibe hivi. Safisha ndani kwa msasa uliokunjwa kama sigara, kisha futa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi, kwa sababu gundi haishiki kwenye mafuta na jasho la miaka. Ziba upande wa ndani kwa mkanda wa karatasi. Changanya epoksi ya vipande viwili, ile ya kukauka taratibu. Ya dakika tano ni rahisi kutumia lakini inabaki na ulaini fulani na hupasuka kwenye baridi. Pakaza ukuta wa tundu kwanza kwa kijiti, halafu sukuma kipande cha kijiti cha mti mgumu kilichopakwa epoksi pande zote, kijae bila kulazimisha. Acha saa 24 kwenye joto la chumba, usifanye kazi hii gereji wakati wa baridi, epoksi haitakauka. Kata kinachozidi, sawazisha kwa msasa mpaka holda ilale bapa. Ndipo utoboe upya, kwa biti mpya yenye makali, ukianza na mm 2 kisha uende kwenye saizi kamili.

Tundu jipya liwe mbali na la zamani kadiri inavyowezekana. Kama nyama iliyobaki kati yao ni nyembamba kuliko upana wa tundu lenyewe, soli itapasuka hapo. Kwa kuwa unahama Tuuk kwenda Tuuk utarudi kwenye nafasi ileile, kwa hiyo ubora wa kuziba ndio utakaokubeba. Na kabla ya kugonga, tia silikoni kidogo ndani ya kila tundu la soli, ya kushoto na ya kulia. Maji ya barafu iliyoyeyuka ndani ya begi ndiyo huua soli. Barafu yenyewe uwanjani haina shida kubwa.

---

Mtoto_wa_Pangani

Nimeelewa, epoksi ya taratibu nimeshapata. La mwisho: visu vipya vikifika, natia ndani na kuingia uwanjani au kuna la kufanya kwanza?

---

Fundi_wa_Makali

Usiingie navyo. Visu vipya kwa kawaida huja bila makali ya kuchezea, utateleza kama mtu aliyevaa soksi. Vinataka kunolewa kwanza. Jiwe huchonga mfereji katikati ya kisu, chenye unene wa karibu mm 3, na kingo mbili zinazobaki ndizo makali. Kina cha mfereji hutajwa kwa nusu kipenyo cha duara lake: 1/2 ya inchi inang'ata sana, 5/8 inang'ata kidogo na inateleza kwa urahisi zaidi. Mwambie mnoaji namba uliyozoea. Kama huijui, muulize anayekunolea siku zote, ataikumbuka au anayo kwenye kumbukumbu zake. Usibadilishe namba hiyo siku unapobadilisha holda. Umeshaongeza kimo cha mm 3, ukigusa na makali hutajua kinachokusumbua kinatoka wapi.

Vilevile uliza kuhusu umbo la kisu kwa urefu wake. Visu vya zamani vilivyonolewa sana hupoteza umbo lake, ncha za mbele na nyuma zinazidi kuliwa na jiwe. Ukizoea kisu cha hivyo, kipya kitakufanya uhisi unasimama kwenye reli ndefu. Hilo ndilo umbo sahihi lililorudi, mguu utazoea baada ya michezo michache. Ukitaka kuchongewa umbo maalumu, mfano mviringo wa nusu kipenyo cha futi 10 au mengineyo, subiri mpaka uzoee kimo kwanza.

Kisu kikishanolewa, laza kipande cha chuma kilichonyooka au sarafu bapa juu ya kingo mbili, na utazame kwa mbele: kisimame pembe mraba na ubavu wa kisu. Kikilala upande mmoja, ukingo mmoja uko juu kuliko mwingine. Rudisha.

Kwenye Edge, ingiza ncha ya mbele kwanza, kisha bonyeza nyuma mpaka usikie mlio. Ukisikia mlio bado usiamini. Shika kisu kwa glavu na uvute chini kwa nguvu ya mkono mzima, nyuma hasa. Kisipotikisika, sawa. Triga hushindwa kwa sababu mbili: mchanga na mabaki ya mpira wa sakafu ya vyumba vya kubadilishia yaliyojazana ndani, au plastiki iliyolika kwa kufunguliwa mara nyingi bila sababu. Kila mnoaji anapokirudisha kisu, pulizia hewa kwenye nafasi ya triga kabla ya kukifunga. Na usitoe kisu kila baada ya mchezo ili kukikausha. Futa kwa kitambaa, kwenye kisu na pale kinapoingia kwenye plastiki, kisha vaa kifuniko cha kitambaa. Kile cha plastiki ngumu ni cha kutembelea tu, kinahifadhi maji na kisu kinapata kutu usiku mmoja.

Baada ya mchezo wa kwanza, geuza skeiti, ishike holda mbele kwa mkono mmoja na buti kwa mwingine, upinde kushoto na kulia huku kidole gumba kikiwa kwenye mpaka wa plastiki na soli. Ukihisi kidole kinabanwa na kuachiwa, kuna riveti haijashika. Itafute kwa kupitisha ukucha chini ya mdomo wa kila moja, ile ambayo ukucha unaingia ndiyo yenyewe. Rudisha dukani wakati huo huo, kabla tundu halijapanuka. Mbele kwenye vidole ndiko huanza.